Baba anakunywa dawa ya Kichina kwa siri ili kemo ifanye kazi

Barua za safu hii hujibiwa na mfamasia mstaafu wa mjini Tanga. Barua ya leo imefupishwa, na mambo yanayoweza kuitambulisha familia yameondolewa.

Barua

Shikamoo Mama,

Mimi ni binti wa pili katika familia ya watoto watano, na ninaishi Makorora pamoja na wazazi wetu. Baba ana umri wa miaka 64. Alifanya kazi katika kiwanda cha kamba za katani tangu ujana wake hadi kilipofungwa, na sigara aliiacha miaka tisa iliyopita. Mwishoni mwa mwaka jana alianza kikohozi kisichosikia dawa. Tulidhani ni vumbi la katani alilolivuta miaka yote ile, kisha tukadhani ni kifua kikuu, mpaka makohozi yalipopimwa mara mbili na kuonekana hayana kitu. Picha ya kifua ilionyesha uvimbe katika pafu la kulia, tukapewa rufaa kwenda Dar es Salaam, akachukuliwa kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kikapimwa, na jibu likawa ni saratani ya mapafu ya aina ambayo madaktari huiita ya seli zisizo ndogo. Ilikuwa imekwisha kusambaa, kwa hiyo hapakuwa na habari ya upasuaji.

Alianzishiwa kemo, yaani dripu za dawa za kuua seli za saratani, zinazoitwa karboplatini na paklitakseli, kila baada ya wiki tatu, na amekwisha kupata dripu nne. Baada ya ile ya nne alipimwa CT skani, na daktari akatuita pembeni mimi na kaka yangu, akatueleza kwamba uvimbe umekua, kwamba saratani imejenga usugu, yaani dawa haiishindi tena, na kwamba tutakaporudi atamwanzishia dawa nyingine iitwayo dosetakseli. Baba hatukumwambia. Tulimwambia kwamba dawa inabadilishwa ili mwili upumzike.

Ami yangu, mdogo wake Baba, ambaye ana duka Ngamiani na ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya gharama tangu mwanzo, alirudi kutoka Dar es Salaam na pakiti kumi na nne za mitishamba ya Kichina alizozinunua kwa shilingi 420,000. Muuzaji alimweleza kwamba dawa hiyo haiui saratani yenyewe, bali inavunja usugu wake ili kemo ipate njia ya kuingia. Alimpa na karatasi mbili za Kiingereza zilizochapishwa kutoka kwenye intaneti, zinazosema kwamba dutu itokanayo na mzizi wa Kichina imerudisha nguvu ya kemo katika seli za saratani ya mapafu. Nimezisoma kwa msaada wa kamusi, na sioni kama ni uongo.

Sisi watoto hatukuambiwa lolote. Niligundua siku ya sita, nilipofungua chupa ya chai alfajiri nikitarajia tangawizi, nikakuta maji meusi, machungu, yenye harufu ya gome lililooza. Mama alikiri kwamba yeye ndiye anayechemsha, na kwamba Baba hunywa saa tano usiku tukiwa tumelala. Nimeifungua pakiti moja. Ndani yake mna unga wa kahawia na vipande vikavu vya mizizi vyenye mistari inayotoka katikati kama spoki za baiskeli. Maandishi yote ni ya Kichina, isipokuwa neno moja lililoandikwa kwa herufi zetu: fangji.

Kinachonichanganya ni kwamba tangu aanze kuinywa, Baba anakula. Juzi alimaliza sahani nzima ya wali na samaki, jambo ambalo hajalifanya tangu dripu ya kwanza. Je, dawa hii inaweza kweli kuondoa usugu? Tukimwambia daktari, hatakasirika na kumwacha Baba? Na Ami nimkabili vipi, ilhali yeye ndiye mkubwa wangu, na fedha ni zake?

Binti wa Makorora

Jibu

Marahaba mwanangu, na poleni nyote. Kwa kuwa siku ya kliniki ilikuwa karibu kuliko siku ya kuchapishwa kwa safu hii, jambo moja nilikwisha kukuambia kwa simu, na ninalirudia hapa kwa ajili ya wengine walio katika hali kama yako: pakiti zisimamishwe, zisitupwe, na ziende kliniki pamoja na mgonjwa zikiwa na karatasi zake za nje, na kabla dripu yoyote haijatundikwa daktari aombwe kupima figo, ini na damu nzima. Haraka yote hiyo inatokana na lile neno moja uliloweza kulisoma.

Fangji si jina la mmea mmoja. Kuna han fangji, ambao ni mzizi wa mmea uitwao kitaalamu Stephania tetrandra, na kuna guang fangji, ambao ni mzizi wa Aristolochia fangchi, mmea wa ukoo mwingine kabisa. Mizizi hiyo ikikaushwa na kukatwakatwa hufanana, na ile mistari uliyoiona haitoshi kukuonyesha ni upi ulio mkononi mwako. Ukisagwa ukawa unga, hata aliyebobea hatautambua kwa macho. Mzizi wa kwanza una dutu iitwayo tetrandrini, na kwa jinsi ulivyozieleza zile karatasi za Ami, ninakisia kwamba ndiyo inayozungumziwa humo. Wa pili una asidi ya aristolokia, ambayo huua figo polepole na kusababisha saratani katika njia ya mkojo. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya WHO, limeiweka asidi hiyo katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, humo humo ulimo moshi wa sigara.

Madhara ya kuchanganya mizizi hiyo miwili yalionekana Brussels, mji mkuu wa Ubelgiji. Mwaka 1990 kliniki moja ya kupunguza unene iliongeza mitishamba miwili ya Kichina katika vidonge vyake, na mmoja wao uliandikwa kuwa ni Stephania tetrandra. Baada ya muda wakaanza kufika hospitalini wanawake ambao hawakuwahi kuugua figo, nao figo zao zimekwisha kusinyaa. Madaktari walitangaza habari hiyo mwaka 1993, na unga ulipochunguzwa ilionekana kwamba ndani yake mlikuwa na Aristolochia. Waathirika walipita 100, na wengi wao waliishia kusafishwa damu kwa mashine au kupandikizwa figo. Kisha mwaka 2000 ikachapishwa taarifa ya wagonjwa 39 kati yao waliokubali kuondolewa figo zilizokufa pamoja na mirija yake ya mkojo: 18 walikutwa tayari wana saratani humo. Hapakuwa na aliyekusudia kumlisha mtu sumu. Mzizi ulibadilishana jina na mwenzake mahali fulani njiani, baina ya shamba na ghala, basi. China yenyewe iliuondoa guang fangji katika orodha ya dawa zake zinazokubalika mwaka 2004, lakini neno fangji lingali linaandikwa kwenye pakiti, na pakiti isiyosema ni fangji ipi haijakuambia kitu.

Sikuambii haya ili usiku huu usilale. Wale wanawake wa Brussels walitumia kwa miezi, wengine zaidi ya mwaka, na Baba yako amekunywa siku sita za mzizi ambao huenda ukawa ndio ule usio na hatia. Lakini yeye si mtu mwenye figo za ziada za kuchezea. Karboplatini aliyopewa mara nne hutoka mwilini kwa njia ya figo, na kipimo chake hukokotolewa kwa kuangalia figo zinachuja kiasi gani. Figo zikilegea baina ya dripu moja na nyingine bila daktari kujua, kipimo kilichokuwa sawa mwezi uliopita kinakuwa kikubwa mno mwezi huu. Dosetakseli anayotarajiwa kuanza hushughulikiwa zaidi na ini, na mtu mwenye ini lililochoka hapaswi kupewa kwa kipimo cha kawaida. Ndiyo maana nilikuambia uombe vipimo vyote viwili, na figo zirudiwe kupimwa baada ya wiki kadhaa, kwa sababu madhara ya asidi ile yanaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha kuinywa.

Sasa nije kwenye zile karatasi. Ulizisoma kwa kamusi ukaona si uongo, na mimi ninakubaliana nawe. Seli ya saratani ina njia nyingi za kuishinda dawa, na mojawapo ilielezwa mwaka 1976 na watafiti wawili wa Toronto, Juliano na Ling, walipoigundua protini iliyokaa kwenye utando wa nje wa seli, ambayo baadaye ilijulikana kwamba hufanya kazi ya pampu. Wewe ni mtoto wa pwani, umekwisha kumwona mvuvi ndani ya dau linalovuja, jinsi anavyokumba maji kwa upo huku maji yanaingia upande wa pili, na jinsi dau lisivyozama maadamu mkono wake hauchoki. Pampu hiyo, iitwayo P-glikoprotini, huikumba dawa hivyo hivyo. Dawa inaingia, seli inaitoa, na kiasi kinachobaki ndani hakitoshi kuiua. Tetrandrini huuzuia mkono wa mvuvi. Ukiziweka seli sugu katika chombo cha maabara, ukazimwagia paklitakseli peke yake, zinaishi. Ukiongeza tetrandrini, zinakufa. Hilo limeonekana, na si kwa tetrandrini tu. Dutu kadhaa za mimea, hata ile inayoipa manjano rangi yake, zimefanya kazi kama hiyo maabarani.

Tatizo linaanzia pale tunapotoka kwenye chombo cha maabara na kuingia kwa mtu. Pampu hiyo hiyo Mwenyezi Mungu ameiweka pia katika ukuta wa utumbo, katika ini, katika figo, na katika mishipa midogo ya ubongo, nako kazi yake ni kutulinda dhidi ya sumu tunazozila kila siku bila kujua. Ukiizuia kwenye uvimbe, umeizuia na huko kote. Kemo inabaki mwilini kwa muda mrefu na kwa wingi kuliko alivyokusudia aliyeipima, na seli nyeupe za damu ndizo zinazoanza kuporomoka. Makampuni ya dawa yalilijaribu wazo hili kwa miaka mingi, kwa dawa safi, zilizopimwa kwa miligramu. Moja kati ya hizo, tarikidari, ilipelekwa katika majaribio makubwa kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu ya seli zisizo ndogo, ikichanganywa na karboplatini na paklitakseli, mchanganyiko ule ule wa Baba yako, na katika jaribio jingine ikichanganywa na vinorelbini. Majaribio hayo yalisimamishwa mwaka 2003, kwa sababu wagonjwa waliumizwa zaidi bila dalili ya kunufaika. Ikiwa dawa iliyopimwa kwa uangalifu wa namna ile ilishindwa, sijui kwa nini tuutarajie ushindi kutoka kwenye mzizi uliochemshwa jikoni, ambao hakuna ajuaye kikombe kimoja kina tetrandrini kiasi gani, na kikombe cha kesho kiasi gani.

Kuna na jambo jingine ambalo muuzaji hakulisema, labda kwa kuwa halijui. Karboplatini haitolewi na pampu hiyo. Paklitakseli ndiyo, na dosetakseli pia, lakini dawa za jamii ya platini hushindwa kwa njia nyingine: seli hupunguza milango ya kuziingiza, au huzifunga kwa dutu iitwayo glutathioni kabla hazijafika kwenye kiini, au hukarabati haraka vinasaba ambavyo dawa ilikuwa imekwisha kuviharibu. Uvimbe wa Baba yako umeshinda dawa mbili kwa pamoja, na huenda kila moja imeshindwa kwa mlango wake. Neno usugu linatamkika kama kitu kimoja, kama kufuli lenye ufunguo mmoja, na hapo ndipo biashara inapopata nafasi.

Usije ukadhani kwamba hakuna binadamu hata mmoja aliyewahi kufanyiwa utafiti. Mwaka 2006 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya majaribio 34 yenye wagonjwa 2,815 wa saratani ya mapafu ya seli zisizo ndogo, waliopewa kemo ya platini pamoja na dawa za mitishamba zenye mzizi wa huangqi, wakalinganishwa na waliopewa kemo peke yake. Matokeo yaliegemea upande wa mitishamba: waliofariki katika mwaka wa kwanza walikuwa wachache zaidi. Lakini waliofanya uchambuzi huo walionya wenyewe kwamba matokeo hayo yanahitaji kuthibitishwa kwa majaribio yenye udhibiti mkali zaidi. Ninautaja kwa sababu nisingependa Ami yako aukute siku moja akadhani nilimficha. Na uangalie kwamba hapo unazungumziwa mzizi wa huangqi, si fangji. Mitishamba ya Kichina si dawa moja, kama vile miti ya Usambara isivyokuwa dawa moja.

Kuhusu hamu ya kula, nimelifikiria sana swali lako, maana sahani iliyomalizwa ni ushahidi ambao familia yoyote ingeuamini kuliko karatasi. Hesabu siku. Dripu hizi humwangusha mtu katika siku za mwanzo, kisha kufikia wiki ya tatu mwili unajikusanya, ladha inarudi, na mtu anaomba chakula. Baba yako amepita wiki hiyo ya tatu, na dripu ya tano haikutundikwa. Angeweza kula wali na samaki hata kama chupa ya chai ingekuwa na maji matupu. Uwezekano wa pili unanipa wasiwasi zaidi. Si mara moja wala mbili ambapo unga unaouzwa kama mitishamba mitupu umekutwa umechanganywa na dawa za kiwandani zisizoandikwa, hasa deksamethasoni na ndugu zake, ambazo humpa mtu nguvu na hamu ya kula kwa siku chache huku zikimpandisha sukari na kumshusha kinga. Mwambie daktari na hilo la hamu ya kula, usiliache kwa kuwa ni jambo jema.

Unaogopa kwamba daktari atakasirika. Huenda akanung'unika kidogo, naye ni binadamu, na kliniki ina foleni. Lakini hawezi kumwacha mgonjwa kwa sababu hiyo, na kinachomsumbua ni kutokuambiwa, kuliko mitishamba yenyewe. Mimi nimekaa dirishani nikitoa dawa kwa zaidi ya miaka thelathini, na kosa ninalolikumbuka mpaka leo ni la mzee mmoja ambaye nilimwuliza kama anatumia dawa nyingine yoyote, akasema hapana, nikaandika hapana, nikamwita anayefuata. Wiki mbili baadaye seli zake nyeupe zilikuwa zimeshuka vibaya, na mkewe ndiye aliyetoa kwenye kikapu chupa ya dawa ya mizizi aliyokuwa akiinywa kila siku. Nilikuwa nimeuliza vibaya. Kwa mzee yule mizizi haikuwa dawa nyingine. Dawa kwake ilikuwa ile ya hospitali, na mizizi ilikuwa mizizi. Tangu siku hiyo nilikuwa ninauliza unakunywa nini nyumbani, kuanzia asubuhi mpaka unapolala, na majibu yalikuwa marefu. Kwa hiyo usisubiri daktari aulize. Mwekee pakiti mezani.

Wala si kweli kwamba hospitali inachukia miti. Paklitakseli iliyokuwa katika dripu ya Baba yako ilianza kama gome la mti uotao pwani ya magharibi ya Marekani. Gome hilo lilikusanywa mwaka 1962, na dawa ikaidhinishwa huko mwaka 1992, baada ya miaka 30 ya kuitenga, kuipima, na kujua kiasi kinachotibu na kiasi kinachoua. Dawa ya mseto tunayomeza kwa malaria imetokana na shamba la mitishamba la China, na Tu Youyou aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hapa hapa mkoani kwetu, tangu miaka ya 1990, Tanga AIDS Working Group iliwakalisha waganga wa tiba asili na madaktari pamoja kwa ajili ya wagonjwa wa UKIMWI, na waganga wale hawakufichwa uvunguni. Tofauti iko katika kujulikana. Tangu mwaka 2002 tuna sheria ya tiba asili na tiba mbadala, na Baraza lake husajili watoa tiba na dawa zao. Ami ana haki ya kumwuliza muuzaji namba ya usajili, jina kamili la kila mzizi uliomo, na mahali ulikotoka, na asipopata jibu ana haki ya kudai fedha zake.

Fedha hizo zikirudi, hata nusu yake, kuna swali ambalo zingelifaa zaidi. Mwulize daktari kama kile kipande cha nyama kilichochukuliwa kimepimwa vinasaba, hasa kile kiitwacho EGFR. Baadhi ya saratani za seli zisizo ndogo zina hitilafu katika kinasaba hicho, na zenye hitilafu hiyo hutibiwa kwa vidonge kama gefitinibu, erlotinibu au osimertinibu, ambavyo havitegemei njia za dripu alizokwisha kupewa. Kwa mtu aliyevuta sigara kwa miaka mingi uwezekano ni mdogo kuliko kwa asiyevuta, na vidonge hivyo ni ghali, kwa hiyo sikupi ahadi. Ninasema tu kwamba ni swali la kuulizwa kabla ya dosetakseli au sambamba nayo. Uulize pia habari ya tiba shufaa, yaani ile ya kumpunguzia mgonjwa mateso, na usikubali mtu akuambie kwamba hiyo ni ya wanaokata roho. Kikohozi, maumivu, kukosa pumzi na kukosa usingizi vina dawa, na mgonjwa anayelala vizuri huzibeba dripu vizuri.

Manjano, tangawizi na pilipili manga katika mchuzi viache viendelee, kwa kiasi cha mchuzi. Usikubali vikageuzwa vidonge au vijiko vya unga vinavyomezwa kwa uji, maana pilipili manga kwa wingi huongeza kiasi cha dawa nyingine kinachoingia kwenye damu. Balungi aliache mpaka amwulize daktari, kwa sababu kama hiyo.

Tunafika kwa Ami. Ninakusihi usimkabili kabisa. Mtu aliyetoa shilingi 420,000 kwa ajili ya kaka yake hakabiliwi na mtoto wa kaka yake, tena kwa habari za Brussels. Nenda dukani kwake jioni, wakati wateja wamepungua, umwamkie, ukae, na umwambie kwamba zile karatasi alizokuja nazo umezisoma na kwamba zina jambo la kweli ndani yake, kisha umwombe awe yeye ndiye atakayefuatana na Baba kliniki akiwa na pakiti mkononi, ili amwulize daktari ana kwa ana kama mzizi huu unapatana na dosetakseli. Akienda kama mshitakiwa, atajitetea na pakiti nyingine zitapita mlango wa nyuma. Akienda kama mzee wa familia aliyetumwa kuuliza, jibu atakalolipata litakuwa lake, naye ndiye atakayelirudisha nyumbani. Mama yako naye usimlaumu kwa kuchemsha. Kaombwa na mumewe mgonjwa, angefanyaje?

Limebaki moja ambalo hukuniuliza, ingawa umeliandika. Mmemwambia Baba kwamba dawa inabadilishwa ili mwili upumzike, naye tangu Ami aje amekuwa akiamka saa tano usiku kunywa dawa ya kuvunja usugu. Ami hakuinunua dawa ya usugu kwa ajili ya mtu ambaye kemo inamfanyia kazi, na Baba hainywi gizani kwa kuwa anapenda uchungu wake. Anajua, mwanangu. Alijua siku mlipotoka pembeni na nyuso zile, au alijua kwa pumzi zake mwenyewe. Kabla hamjapanda basi, kaa naye barazani asubuhi, mimina chai kutoka kwenye chupa ile ile ikiwa imekwisha kuoshwa, na umwambie: Baba, daktari alituambia dripu za kwanza hazikushika, tukaogopa kukuambia. Kisha nyamaza, umsikilize yeye anataka nini.